Kumtafutia Kinjikitile Sura

Mhudumu wa gesti ya Kibiti alileta ndoo ya maji ya kuoga, akazikuta picha zangu zimetandazwa kitandani. Akainama kuangalia.

"Dada, huyu mbwa kashika kichwa cha nani?"

Nikamweleza kwamba ni mbwamwitu, na kichwa ni cha Mfalme Edmund wa mashariki ya Uingereza, aliyeuawa na Wadenmark mwaka 869. Walimfunga mtini, wakampiga mishale, wakamkata kichwa na kukitupa vichakani. Watu wake walipotoka kukitafuta, kichwa chenyewe kikawa kinaita: hapa, hapa, hapa. Wakakikuta katikati ya miguu ya mbwamwitu. Njaa inamuuma, lakini hakukigusa. Mhudumu akauliza kama ni kweli. Nikamwambia Waingereza wameichora hadithi hiyo kwa karne na karne, vitabuni na kwenye kuta za makanisa.

"Basi wao picha wanayo," akasema, akaenda zake.

Kazi yangu ni kuchora vitabu vya watoto. Safari hii mhariri mmoja wa Dar es Salaam alitaka picha za Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji kabla ya Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani. Nilishamchora huko nyuma, tena kwa mazoea: ndevu, usinga, kibuyu, macho ya kutisha. Sote tunamchora hivyo kwa kuwa aliyetutangulia alimchora hivyo. Picha ya kamera ya mtu yule, ya kuaminika, haipo. Songea wana makumbusho yao na sanamu za mashujaa wao. Mchoraji Mjerumani Wilhelm Kuhnert, aliyesifika kwa simba na tembo, aliichora vita ya Mahenge, na picha yake ndiyo inayozunguka intanetini kila Majimaji inapotajwa. Mtu wa Ngarambe hana kitu. Nikaona ni afadhali nishuke Rufiji, niwasikie watu wa huko wakimsimulia, ndipo nishike penseli.

Picha zile za watakatifu wa Kiingereza nilikuja nazo kwa sababu ya utoto wangu. Nilisoma shule ya Jumapili katika kanisa la Anglikana la St Alban, katikati ya Dar es Salaam, na tulikuwa tukipewa kadi zenye picha. Alban mwenyewe alikuwa mtu wa enzi za Warumi. Alimficha padri aliyekuwa anawindwa, wakabadilishana mavazi, akakamatwa yeye. Alipokuwa anapelekwa kuuawa, daraja lilijaa watu hata pakakosa pa kupita. Akaomba, mto ukakauka, akavuka kwa miguu. Juu ya kilima akaona kiu, chemchemi ikabubujika miguuni pake. Aliyemkata kichwa macho yake yakadondoka chini papo hapo. Kadi ile ya macho yanayodondoka tuligombania sana.

Baadaye ukubwani ndipo nikajua ile picha ina nasaba. Katika karne ya 13 mtawa mmoja wa abasia ya Mtakatifu Alban, Matthew Paris, aliiandika hadithi nzima na kuichora kwa mkono wake, mistari ya wino iliyotiwa rangi kidogo tu, kijani na kahawia. Kitabu chake kimehifadhiwa Dublin. Vitabu vyake vya namna hii mabibi wa kikabaila waliazimana, huyu akimaliza anampelekea mwenzake. Kati ya kifo cha Alban na kalamu ya Matthew Paris kuna kama miaka elfu, na hilo halikumsumbua hata kidogo: aliwavisha Warumi mavazi ya askari wa zama zake mwenyewe, akaendelea na kazi.

Kulipokucha nikarudi nyuma hadi Bungu, nikachukua bodaboda kwenda Nyamisati. Njia inapita kwenye mikorosho na minazi, kisha ardhi inalainika, harufu ya matope ya chumvi inakujia kabla hujaona maji. Nyamisati ndipo panapandiwa boti za Mafia, kwa hiyo mgeni anayesema haendi Mafia anaulizwa maswali. Nilipata nafasi kwenye mashua ya injini iliyokuwa inapeleka saruji na sabuni upande wa Salale. Nahodha alikuwa mwanamume wa makamo, kichwa kimenyolewa, taya pana, amejifunga kikoi kilichofifia hadi huwezi kusema kilikuwa rangi gani.

"Umekuja kuangalia manowari?" akaniuliza kabla sijakaa.

Kila mgeni wa delta huulizwa hivyo. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha humu ndani ya mikono ya Rufiji. Waingereza waliizungukia kwa miezi, wakaleta ndege za kuitafuta na meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, hadi tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani wakaizamisha wenyewe baada ya kupigwa vibaya. Mizinga yake waliing'oa, wakaenda kupigania nayo nchi kavu. Sina kinyongo na meli. Ila inaniudhi kwamba chuma kile kimepigwa picha kikielea, kikiungua, kikiwa kimelala ubavu matopeni, na picha hizo zikauzwa kama kadi za posta, wakati binadamu aliyenyongwa miaka kumi kabla, mwisho wa kusini wa delta hiihii, hana hata mchoro wa penseli.

Nikamwambia nahodha nimekuja kwa ajili ya Kinjikitile.

"Huyo si wa huku. Huyo ni wa juu, Umatumbini." Akapunguza injini. "Lakini maji aliyoingia ndiyo haya yanayoshuka hapa."

Tulikuwa tumeingia kwenye mkondo mwembamba, maji yanajaa, miti imesimama pande zote mbili. Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, na mtu wa mjini akiitazama anaona ukuta mmoja wa kijani. Nahodha aliitaja kila mmoja kwa jina: milana iliyotangulia mbele kabisa majini, mikoko yenyewe yenye mizizi ya kupinda kama magoti, mikandaa ya boriti nyuma yake, michu mahali palipoinuka. Mahali fulani miti ilikoma ghafla, pakawa na mashamba ya mpunga na dungu limesimama juu ya nguzo zake, mtoto amekaa mlangoni akifukuza ndege kwa kombeo. Nilichora hilo dungu haraka kabla halijapita.

Ili kulipa habari kwa habari, nikatoa picha nyingine kwenye bahasha. Hii ni ya Cuthbert, askofu wa kisiwa cha Lindisfarne, aliyefariki mwaka 687. Bede, mwanahistoria wao wa kale, ameandika kwamba Cuthbert alikuwa akitoka usiku kimyakimya, na mtawa mmoja akamfuata kumpeleleza. Akamwona anaingia baharini hadi maji yanamfika shingoni, akakesha humo akiomba na kuimba. Alfajiri alipotoka na kupiga magoti mchangani, fisi maji wawili wakatoka nyuma yake, wakamhemea miguu ili apate joto na kumpangusa kwa manyoya yao. Akawabariki, wakarudi majini. Kitabu cha karne ya 12 kilichotengenezwa Durham kimelichora tukio zima ndani ya fremu moja: upande mmoja yumo majini, upande wa pili amekwishatoka na wanyama wako miguuni, na yule mpelelezi amejibanza pembeni.

Nahodha aliishika picha kwa ncha za vidole, maana mikono ilikuwa na mafuta ya injini. Akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Bahari ya huko ina baridi?"

"Sana."

"Na hawa wanyama walimkausha."

"Ndiyo."

"Basi huyu alilowa," akasema, akinirudishia. "Wa kwetu hakulowa."

Niliandika maneno hayo pembeni ya dungu, na hadi leo yako hapo.

Katika miaka ya 1960 mwanahistoria Gilbert Gwassa alizunguka Umatumbi akiwasikiliza wazee walioyaona mambo yale kwa macho yao. Walimsimulia kwamba mwaka 1904 pepo aitwaye Hongo alimchukua Kinjikitile. Alikwenda kwa tumbo, kama anayeburutwa, hadi kwenye kilindi cha mto pale Ngarambe, akazama. Jamaa zake walijaribu kumshika wakashindwa. Wenye kujua kupiga mbizi wakamtafuta, wasimwone. Siku ya pili asubuhi akatoka mzima, nguo zake kavu, zimefungwa vilevile alivyokuwa amezifunga, akaanza kusema mambo ya unabii. Nilikuwa nimeyasoma haya zaidi ya mara moja. Macho yangu yalikuwa yakiruka zile nguo na kukimbilia unabii, kwa kuwa unabii ndio unaoingia kwenye mtihani.

Jioni nilikuwa tena Kibiti, nikila wali na samaki wa kukaanga karibu na stendi, na kesho yake nikapanda gari la Ikwiriri. Baada ya Ikwiriri unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Abiria wenzangu hawakuinua hata macho kwenye simu. Kusini mwa daraja unaiacha lami na kushika njia ya upande wa bahari hadi Mohoro. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliitesa sana nchi hii, Kibiti na Rufiji zote mbili, na mstari wa tope ungali unaonekana kwenye kuta za baadhi ya nyumba, karibu na kimo cha kiuno changu.

Mohoro ilikuwa boma la Wajerumani. Huku ndiko alikoletwa Kinjikitile baada ya kukamatwa, Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete walipochoka kusubiri amri yake wakang'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima chini ya maakida. Alinyongwa hapa tarehe 4 Agosti 1905. Inasimuliwa kwamba mbele ya kitanzi alisema wanajisumbua bure, dawa imeshafika Kilosa na Mahenge. Alisema kweli: mwisho wa Agosti boma la Mahenge lilishambuliwa na maelfu. Moto ulizimwa mwaka 1907, na waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mazao na maghala, wanakadiriwa kati ya 75,000 na 300,000.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja anayesifiwa kwa kumbukumbu. Nikapiga hodi, nikakaribishwa barazani, nikaamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetoka Dar kuja kunichora mimi?"

Nikasema nimekuja kujua nimchoreje Kinjikitile. Mzee akaagiza aletewe kitabu cha mjukuu wake wa darasa la saba. Akakifungua ukurasa aliokuwa anaujua, akanionyesha: mtu mwenye ndevu, usinga mkono mmoja, kibuyu mkono wa pili, mbele yake askari anafyatua bunduki, na risasi zinageuka matone. Mchoro haukuwa wangu, lakini ungeweza kuwa wangu.

"Hii watoto wanaicheka," akasema. "Darasani wanaicheka. Mwalimu anawaambia babu zenu waliamini maji yatazuia risasi, wanacheka, basi somo limekwisha."

Hapo nikatoa picha ya mwisho kwenye bahasha, ndogo kuliko zote: kichupa cha risasi na bati, kidogo cha kuenea kiganjani, chenye sanamu ya askofu katikati na panga za askari juu yake. Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury, aliuawa ndani ya kanisa lake tarehe 29 Desemba 1170 na askari wanne wa mfalme. Watawa walikusanya damu yake, wakaichanganya na maji kidogokidogo, na habari zikaenea kwamba maji hayo yanaponya vipofu, viwete na wenye homa. Mahujaji wakamiminika. Kila mmoja alirudi kwao na kichupa kimening'inia shingoni, na mafundi wa Canterbury wakavifyatua kwa kalibu kwa maelfu, bei ya mtu wa kawaida. Vioo vya rangi vya kanisa lile vimechora wagonjwa wakinyweshwa hayo maji. Mwaka 1538 Mfalme Henry VIII akaamuru kaburi livunjwe, picha zake zifutwe na jina lake likwanguliwe kwenye vitabu vya sala. Vichupa vilivyoangukia mtoni Thames vikabaki kwenye matope, sasa viko makumbusho.

Mzee alisikiliza yote, kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kulisikia likiulizwa na mtu yeyote aliyesoma habari za Becket.

"Na watoto wao wanawacheka hao mahujaji?"

Sijasoma shule ya Uingereza. Nilichoweza kumwambia ni kile nilichokiona kwenye vitabu na kwenye maandishi ya makumbusho: hawachekwi. Hujaji mwenye kichupa anaelezwa kwa upole, imani yake, safari yake ndefu, ugonjwa wa mtoto wake. Mtu wa Rufiji aliyekunywa maji yenye mafuta ya nyonyo na punje za mtama anaelezwa kwa idadi ya risasi zilizompata. Sidai kwamba mambo haya mawili ni sawasawa. Maji ya Canterbury hayakumpeleka mtu mbele ya bunduki za rashasha. Lakini mkono wa mchoraji nao una sehemu katika tofauti hii. Wachoraji wa Becket walichora kiu ya watu, na sisi tukachora kosa lao.

"Wewe mchore akitoka majini," mzee akasema. "Nguo zake kavu. Watu walimwendea kwa ajili ya hilo. Asingetoka mkavu, nani angemsikiliza?"

Nikafungua daftari nikachora palepale barazani, yeye ananichungulia begani. Watoto wakaja. Nilipofika kiunoni akanizuia.

"Hapana. Hivyo anafunga mtu wa Dar anayetoka kuoga."

Akasimama, akashika ukuta, akafungua kikoi chake mwenyewe juu ya suruali fupi aliyovaa ndani, akakifunga upya polepole ili nione: upande wa kulia unapita chini, wa kushoto unaufunika, pindo linaviringishwa mara mbili kuelekea ndani, na ncha inabaki imetokeza kidogo juu ya nyonga. Nikamwomba arudie. Akarudia. Anayepiga mbizi, akasema, fundo la namna hii humfunguka mara moja. Ndiyo maana waliomtafuta majini walistaajabu kumwona ametoka nalo vilevile. Kama mambo yalikuwa hivyo mwaka 1904, au mzee aliliongeza mwenyewe baada ya kulitafakari sana, kwangu ilikuwa yaleyale. Edmund ana mishale yake. Becket ana upanga kichwani. Cuthbert huchorwa ameshika kichwa cha Mfalme Oswald, kwa sababu kichwa hicho kilizikwa naye ndani ya jeneza moja, na mkulima asiyejua kusoma alikuwa akiona kichwa mkononi anajua huyu ni nani. Nilikuwa nimepata cha Kinjikitile.

Watoto walikuwa na ugomvi wao. Mmoja alitaka Hongo achorwe joka la vichwa saba. Mwingine akamwambia saba ni wa kwenye katuni. Mzee akaamua kwamba nyoka achorwe mkia tu, ukizama, kwa sababu hakuna aliyemwona kichwa.

Kwenda Ngarambe kwenyewe haikuwezekana. Gari la upande ule lilikuwa halitoki kwa sababu ya njia, na wa kunipeleka kwa pikipiki alitaja bei iliyonifanya nimshukuru na kuondoka. Ikwiriri, mtandao uliporudi vizuri, nikampigia mhariri picha ya ule mchoro na kumtumia: mtu ametoka kwenye maji, anaonekana kwa nyuma na ubavu, watu ukingoni wamepigwa na butwaa, mwanamke mmoja amenyoosha mkono kugusa nguo, mkia unazama. Jibu likaja kabla sijamaliza chai.

"Nzuri. Uso uko wapi?"

Nikaandika kwamba uso wake haujulikani. Akaniandikia kwamba watoto hawawezi kumpenda mtu kwa mgongo. Nilikasirika, kisha nikamkumbuka Matthew Paris na Warumi wake waliovaa kama majirani zake. Miaka elfu haikumzuia, na mimi nazuiwa na miaka mia moja na kitu? Kinjikitile alikuwa mtu wa nchi hii. Nyuso za nchi hii zipo, zinaendesha mashua. Nikaitafuta namba ya nahodha, ambayo alikuwa amenipa ili nimwulizie bei ya saruji Dar. Alipokea kukiwa na kelele za injini.

"Kaka, nataka kuazima sura yako."

Nikamweleza. Akacheka sana, akamwambia mtu aliyekuwa naye chomboni, naye akacheka. Halafu akanyamaza kidogo, nikasikia anapunguza injini.

"Kwenye hicho kitabu, kuna picha ya kunyongwa?"

"Ipo moja. Mhariri anaitaka."

"Basi sikiliza dada yangu. Hapo anapotoka majini, niweke. Mkavu, mbele za watu, sawa kabisa. Hapo pa kamba mtafutieni mtu mwingine."

Nikamwahidi. Picha ya Mohoro nitaichora kwa mgongo, mhariri apende asipende.